Olaudah Equiano, mchuuzi aliyejinunua

Mtaji wake wa kwanza ulikuwa peni tatu. Alikuwa baharia kijana, mtumwa wa tajiri mmoja wa kisiwa cha Montserrat huko Karibi, na merikebu aliyopangiwa ilikwenda mara kwa mara St Eustatius, kisiwa cha Waholanzi ambako watu wa visiwa vyote vya jirani walifuata bidhaa. Safari moja akanunua bilauri ya kioo kwa zile peni tatu. Aliporudi Montserrat akaiuza kwa sita. Safari ya pili akabeba bilauri mbili, ya tatu nne. Kisha akabadili mkono: bilauri mbili tu, na pesa iliyobaki akanunulia jagi la pombe ya jini. Jini ndiyo iliyolipa. Ndani ya wiki chache mtaji ukafika dola moja nzima, na mwenyewe anasimulia kwamba alimshukuru Mungu kwa utajiri ule.

Huyo ni Olaudah Equiano. Miaka michache baadaye biashara hiyo hiyo ya mkononi ilimnunulia uhuru, na mwaka 1789 akachapisha London kitabu cha maisha yake, kitabu kilichowafanya Waingereza wengi wasome kwa mara ya kwanza habari za utumwa kutoka kwa mtu aliyewahi kuuzwa.

Wanaomwandika huanzia chini ya sitaha ya jahazi la watumwa: giza, uvundo, vilio. Ni haki yao, kurasa zile zinatisha na ndizo zilizonukuliwa zaidi katika mapambano ya kukomesha biashara ile. Lakini mimi nimekulia kwenye nyumba iliyolishwa na genge la mboga, na nilipomsoma Equiano niliyekutana naye kwanza ni mchuuzi. Anakumbuka bei. Miaka zaidi ya ishirini imepita, amekaa London anaandika, na bado anajua alilipa ngapi, akauza ngapi, nani alimdhulumu na kiasi gani. Nadhani ukimwondolea daftari lake la hesabu, huwezi kuelewa alivyopigania watu wake, wala yale aliyoyafanya ambayo hayapendezi kuyasoma.

Kwa maelezo yake alizaliwa mwaka 1745 hivi, katika kijiji alichokiita Essaka, nchi ya Waigbo, ambayo leo iko kusini mashariki mwa Nigeria. Akiwa na miaka kama kumi na moja, wakubwa wako shambani, watu wawili wanaume na mwanamke mmoja waliruka ukuta wa boma wakamwiba yeye na dada yake. Walitenganishwa, wakakutana tena njiani kwa usiku mmoja, wakatenganishwa moja kwa moja. Akavushwa hadi Barbados, ambako hakupata mnunuzi, kisha Virginia. Ndani ya jahazi walimwita Michael, Virginia wakamwita Jacob. Ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Michael Henry Pascal, aliyemnunua kwa pauni thelathini au arobaini hivi, akambandika jina la mfalme wa Sweden: Gustavus Vassa. Mtoto akakataa, akataka abaki Jacob. Akapigwa makofi mpaka akaitikia. Jina hilo la mfalme ndilo alilotumia karibu maisha yake yote, kwenye hati na kwenye barua, na la Equiano likarudi alipoandika kitabu.

Miaka ya Pascal ilikuwa miaka ya vita kati ya Uingereza na Ufaransa. Equiano alikuwa kwenye manowari wakati wa kuizingira Louisbourg, ngome ya Wafaransa huko Kanada, mwaka 1758, akabeba baruti chini ya mizinga mwaka uliofuata katika pigano la Lagos, ile Lagos ya Ureno. Alijifunza kusoma na kuandika. Akabatizwa Februari 1759 katika kanisa la St Margaret's, Westminster. Kwa akili yake alikuwa baharia wa Mfalme kama wengine, na vita ikiisha atapata haki yake na kwenda zake.

Desemba 1762, kwenye mto Thames, Pascal akamteremsha kwenye mashua na kumuuza kwa nahodha James Doran, anayekwenda Karibi. Hapa Equiano alimpa Doran hoja ambazo wakili angeona fahari kuzitoa. Nimemtumikia miaka mingi, alisema, amechukua ujira wangu wote na mgao wangu wa ngawira, nimebatizwa, na kwa sheria ya nchi hii hakuna mwenye haki ya kuniuza. Doran akamjibu kwamba anaongea Kiingereza kingi mno, na asiponyamaza kuna njia ya kumnyamazisha. Angalia mpangilio wa malalamiko yake. Ujira umetajwa kabla ya ubatizo.

Montserrat alinunuliwa na Robert King, mfanyabiashara wa dhehebu la Quaker, lile lile ambalo leo lina waumini wengi sana magharibi mwa Kenya. Miaka ile Waquaker wengine walikuwa wameanza kuukemea utumwa, lakini King aliendelea kununua watu. Equiano anamsifu kwa kulisha watu wake vizuri, na papo hapo anatueleza kwamba alimfanyia King kazi ya ukarani, kupokea na kupima mizigo, kunyoa, kutunza farasi na kuendesha mashua, kazi ambazo kwa mtu wa mshahara zingemgharimu tajiri zaidi ya pauni mia moja kwa mwaka. Hata wema wa bwana ameupigia hesabu.

Biashara ya mtumwa ilikuwa haina ulinzi wowote. Anasimulia siku aliyofika kisiwa cha Santa Cruz na mwenzake, wana mifuko mitatu ya ndimu na machungwa, miwili ya Equiano na mmoja wa mwenzake. Hiyo ndiyo mali yao yote duniani. Wazungu wawili wakaipokonya. Wakabembeleza, wakatishiwa viboko. Wakaenda ngomeni kwa mkuu wa pale kushtaki, naye akawatukana na kushika mjeledi kuwafukuza. Wakarudi kule kule kwenye ile nyumba wakaomba tena na tena, mpaka watu waliokuwamo wakaona bora wawarudishie mifuko miwili na kubaki na mmoja. Uliobaki ukawa ule wa mwenzake. Mwenzake huyo, mtu mzee, alilia, na Equiano akampa kama theluthi ya matunda yake. Wakaenda sokoni wakauza vizuri; yeye alipata sarafu thelathini na saba za pale visiwani. Ametutajia hesabu kamili hata hapo, katikati ya uchungu.

Nahodha wake, Mwingereza Thomas Farmer, alimpenda kwa sababu alikuwa na faida kwake, na Equiano anajua hivyo. Walishirikiana hata katika ujinga. Kulikuwa na abiria mmoja, mfua fedha, aliyeugua kwenye safari na kujisifu kuwa ana mali nyingi. Nahodha atarithi, na Equiano naye akaahidiwa chake. Wakamuuguza kwa bidii usiku na mchana. Alipokufa wakafungua sanduku, ndani wakakuta sanduku jingine, ndani jingine, na mwisho kabisa dola moja na nusu, isiyotosha hata jeneza. Equiano alikuwa tayari amekwenda kununua nguo nzuri kwa matumaini ya urithi. Ni mahali pachache katika kitabu chake ambapo nacheka kwa sauti.

King alikuwa amemwambia kwamba akileta pauni arobaini, bei aliyomnunulia, atamwacha huru. Mwaka 1766 Equiano akawa na arobaini na saba. Farmer akamshauri aje asubuhi, wakati yeye na King wanakula kifungua kinywa. Akaenda, akainamisha kichwa, akamkumbusha tajiri ahadi yake. King akashtuka. Akauliza pesa umezipata wapi, kisha akakiri kwamba asingetoa ahadi ile kama angejua zitapatikana mapema hivyo. Farmer ndiye aliyemaliza maneno: akampiga King mgongoni, akamwambia Robert, mwache, umeiweka pesa yako mahali pazuri, miaka yote hii umekula faida, na sasa mtaji wako huu hapa. Hivyo ndivyo uhuru wa mtu ulivyotetewa, kwa lugha ya mtaji na faida, kwa sababu hakuna lugha nyingine ambayo King angeisikia.

Equiano akakimbia ofisi ya msajili. Karani akampongeza, akamwandikia hati kwa nusu ya ada. Hati ile ya Julai 1766 ameichapisha yote kitabuni, na ameeleza kwamba usiku wa siku hiyo, aliyeamka asubuhi akiwa chini ya amri ya mtu mwingine, alikuwa bwana wa nafsi yake.

Nitaruka haraka juu ya miaka iliyofuata, ingawa kwa mtu mwingine ingetosha kuwa maisha mazima. Safari moja Farmer alimnyima nafasi ya kupakia ng'ombe wake, akamshinikiza achukue bata mzinga badala yake. Equiano akanuna, akachukua. Dhoruba ikaua karibu ng'ombe wote wa nahodha, bata wakafika wazima, akapata faida ya karibu asilimia mia tatu. Farmer mwenyewe akafa safari ile ile, na mtu mweusi aliyekuwa mtumwa miezi michache nyuma akaifikisha merikebu bandarini. Baadaye akajifunza ususi wa nywele London, akapuliza tarumbeta ya Kifaransa kama burudani, akasafiri Mediterania, na mwaka 1773 akapanda merikebu ya utafiti iliyojaribu kupita kwenye barafu za Ncha ya Kaskazini. Katika merikebu ya pili ya msafara huo kulikuwa na mvulana aitwaye Horatio Nelson.

Sasa yale yasiyopendeza. Mwishoni mwa 1775 alikubali kwenda na daktari Charles Irving kuanzisha shamba kwenye pwani ya Mosquito, Amerika ya Kati. Walipopita Jamaica waliingia kwenye meli ya watumwa iliyotoka Afrika, wakanunua watu wa kulima. Equiano ndiye aliyechagua, na anaandika, bila kujificha, kwamba alichagua watu wa nchi yake. Akawa msimamizi wao. Aliondoka Juni 1776, wakabaki chini ya msimamizi mwingine, mkatili. Baadaye alisikia kwamba walijaribu kutoroka kwa mtumbwi wakazama wote.

Wapo wanaomtetea: ndio ulimwengu aliokuwamo, aliwatendea vizuri, alikuwa bado hajafika kwenye msimamo wake wa baadaye. Sikatai. Ila nikisoma pale alipoandika "niliwachagua", naona ni jicho lile lile lililojua bilauri ipi itauzika. Mtu aliyepimwa na kutiwa bei akageuka na kupima wengine. Wala hakuwa peke yake. Kwetu pwani nako wapo walioachwa huru wakanunua watumwa wao. Ninachomheshimu ni kwamba aliiandika habari hii katika kitabu cha kupinga utumwa, akijua maadui wanakisoma, wakati angeweza kuiacha baharini.

Na London ilimfundisha kwamba hati ya uhuru peke yake si ngao. Mwaka 1774 mpishi mweusi aitwaye John Annis, aliyekuwa ameachana na tajiri wake kwa hiari ya pande zote mbili, alitekwa mchana kutoka kwenye meli kwenye mto Thames. Equiano alipata amri ya mahakama, akajipaka weupe usoni ili asitambuliwe nyumbani kwa mtekaji, na akafanikiwa kumkamatisha. Akamwendea Granville Sharp, mpinzani mkubwa wa utumwa, kwa ushauri. Lakini wakili aliyemlipa alikula pesa bila kufanya kitu, na Annis alikuwa ameshapelekwa St Kitts, kisiwa cha Karibi, ambako aliteswa mpaka kufa.

Uhusiano wake na Sharp ndio uliozaa jambo kubwa. Machi 1783 Equiano alimpelekea Sharp habari za meli ya Zong. Mwishoni mwa 1781 mabaharia wa meli hiyo walikuwa wametupa baharini Waafrika zaidi ya 130, kisha wenye meli wakadai bima ya pauni 30 kwa kila kichwa. Baraza la mahakama likawapa haki wenye meli. Jaji mkuu Mansfield alisema kesi kisheria ilikuwa sawa na kutupwa farasi. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Sharp alijaribu akashindwa, lakini habari ilienea, na ilifanya kazi ambayo hotuba nyingi hazikuifanya. Fikiria ni nani aliyeitambua kesi ya bima ilivyo: mtu aliyejua kwa mwili wake kwamba binadamu anaweza kuandikwa kwenye orodha ya mizigo.

Mwaka 1786 serikali ilimteua awe msimamizi wa vyakula na vifaa kwa ajili ya maskini weusi wa London waliokuwa wanapelekwa Sierra Leone. Akagundua mali inaibiwa na wakala wa msafara, akapiga kelele, akafukuzwa kazi yeye. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo ya ziada kuhusu kisa hicho. Alidai fidia mpaka akalipwa pauni hamsini.

Kisha kitabu. Hapa ndipo mchuuzi na mwanaharakati walipokuwa mtu mmoja. Hakukiuza mswada kwa mchapishaji kama waandishi wengi walivyofanya. Alitafuta watu wa kulipia kabla hakijachapwa. Orodha ya toleo la kwanza ina majina 311, likiwamo la mwana wa mfalme aliyekuwa mrithi wa kiti. Akabaki na hakimiliki. Kisha akafunga safari kukiuza mwenyewe: Birmingham, Manchester, Sheffield, Ireland, Scotland. Ireland peke yake anasema aliuza nakala 1,900. Matoleo tisa yalitoka kabla hajafa, na Waholanzi, Wajerumani na Warusi wakakitafsiri. Kila nakala ilikuwa hoja dhidi ya utumwa na pia chakula chake cha kesho, na sioni kwamba alitenganisha mambo hayo mawili. Februari 1792 aliandika barua akimweleza rafiki kwamba anakwenda kuoa, atampa bibi harusi faraja ya siku nane au kumi, kisha moja kwa moja Scotland kuuza toleo la tano.

Hoja yake ya mwisho kitabuni nayo ni ya kibiashara. Anawaambia wenye viwanda: acheni kununua Waafrika, muwauzie nguo. Kila mmoja akitumia pauni tano kwa mwaka kwa mavazi na samani, je, soko hilo lina mwisho? Watakaopata hasara, anasema, ni watengenezaji wa minyororo, pingu na mijeledi. Ilikuwa hoja kali kwa wakati wake. Lakini sisi tuliosoma shuleni mikataba ya kuzuia biashara ya watumwa Zanzibar, ya Moresby ya 1822, Hamerton ya 1845 na Frere ya 1873, tunajua neno "biashara halali" lilikotufikisha. Mmisionari Livingstone alilihubiri pamoja na Injili, na waliofuata nyuma yake hawakuja kuuza nguo tu. Equiano hakuona hayo. Aliwaza sokoni, na sokoni alikuwa na sababu ya kuamini kwamba muuzaji na mnunuzi wanaweza kukutana kama watu sawa.

Shuleni huko huko tulipewa jina la Wilberforce, mbunge wa Uingereza aliyepinga biashara ya watumwa, tukalikariri. Equiano, Ottobah Cugoano aliyechapisha kitabu chake mwaka 1787, na wenzao waliojiita Wana wa Afrika na kuandika barua magazetini London, hatukuwasikia. Mtihani haukuwauliza.

Kuna ugomvi juu ya kuzaliwa kwake. Kitabu cha ubatizo cha 1759 kinasema alizaliwa Carolina, na orodha ya mabaharia wa safari ya barafu ya 1773 nayo inataja South Carolina. Mtafiti Vincent Carretta alipoitangaza habari hiyo mwishoni mwa karne ya 20, wengine walisema basi kurasa za Afrika ni za kutunga. Wataalamu wa Igbo wakajibu kwamba mambo anayoyaeleza hayakuokotwa vitabuni. Tayari mwaka 1792 gazeti moja la London lilidai alizaliwa Santa Cruz, naye akapambana nalo. Mimi naelemea upande wa Essaka: mtoto wa miaka kumi na kitu hajiandikishi mwenyewe kanisani, na kwa baharia mweusi jibu fupi mara nyingi lilikuwa salama zaidi. Lakini hata wanaoshikilia Carolina hawakanushi Montserrat, King, zile pauni arobaini, wala hati.

Alimwoa Susannah Cullen huko Soham, Cambridgeshire, tarehe 7 Aprili 1792, wakapata mabinti wawili, Anna Maria na Joanna. Susannah alifariki mwaka 1796. Mwaka huo Equiano akaandika wosia kwa umakini wa mtu aliyewahi kuporwa: mali iende kwa mabinti, na wakifa kabla ya umri, nusu yake ikasomeshe watoto Sierra Leone. Alikufa tarehe 31 Machi 1797, miaka kumi kabla ya bunge la Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa. Anna Maria alimfuata miezi michache baadaye, hajafikisha miaka minne. Joanna alilelewa na wengine, na mwaka 1816, alipotimiza miaka 21, akakabidhiwa urithi wa baba yake: pauni 950.